Dakwidi imefunika bwawa langu na ngege wanakufa: nifanyeje?

Swali: Habari mtaalamu. Nina bwawa la samaki huku Busia, upande wa Uganda, mita 20 kwa 15. Niliweka ngege (tilapia) 900 na kambare 60, sasa wana miezi minne na ngege wana wastani wa gramu 100. Tangu mvua za Machi zianze, vijani vidogo vinavyoelea vilivyokuwa pembeni tu vimefunika maji yote. Juzi asubuhi nimekuta ngege zaidi ya 30 wamekufa, lakini kambare hata mmoja hajafa. Jirani mmoja anasema vijani hivyo vina sumu, nipulizie dawa ya magugu. Mwingine anasema ni chakula bora cha samaki na nikivikuza sitanunua tena chakula cha dukani. Nimsikilize nani? Na kama ni chakula kweli, vinakuzwaje?

Jibu: Ndugu mfugaji, pole sana kwa hasara. Dawa ya magugu usiipulize. Ukiipuliza, utando wote utakufa kwa mpigo, utazama na kuozea chini, na kuoza huko kutamaliza hata ile oksijeni kidogo iliyobaki. Ngege walionusurika juzi utawakosa wiki hii.

Kuhusu sumu, ushahidi uko ndani ya swali lako mwenyewe. Ngege wamekufa, kambare wako salama. Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Ngege hana kiungo hicho, anaishi kwa oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji peke yake. Bwawa lililo wazi hupata oksijeni hiyo kwa njia mbili: upepo unaotikisa uso wa maji, na mwani mdogo sana unaoyapa maji rangi ya kijani, ambao mchana hutoa oksijeni humo humo majini. Utando umeziba njia zote mbili. Vijani vyenyewe hutengeneza oksijeni, lakini sehemu kubwa huishia hewani. Usiku kucha samaki, matope na bakteria wa chini wanaendelea kupumua, na kufikia alfajiri maji yamekwisha nguvu. Ngege huanza kusumbuka oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, na ikikaribia sifuri kwa saa kadhaa hufa, wakubwa wakitangulia mara nyingi. Ndiyo maana umewakuta asubuhi.

Kazi ya leo ni kufungua maji. Chukua kamba ndefu kuliko upana wa bwawa, ifunge chupa tupu za plastiki kila baada ya nusu mita ili ielee, kisha watu wawili waivute taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila mmoja akitembea ukingoni mwake. Utando utajikusanya mbele ya kamba. Uzoeni kwa chandarua cha zamani kilichofungwa kwenye fremu ya mti. Rudieni mpaka angalau robo tatu ya maji iwe wazi. Msiingie kukoroga matope, kwa sababu matope yaliyokorogwa nayo hula oksijeni. Ingiza maji mapya ukiyaacha yaanguke kutoka juu ya bomba ili yachanganyike na hewa. Simamisha chakula na mbolea kwa siku tatu, na saa kumi na moja alfajiri nenda ukaangalie kama samaki bado wanahema juu. Wakiacha kuhema alfajiri mbili mfululizo, anza tena kuwalisha, nusu ya kiasi cha kawaida.

Ulichokitoa usikitupe chote. Hiyo ni mbegu yako, na utaihitaji ukiamua kuifuata njia ya jirani wa pili.

Jirani huyo ana ukweli, ila si wote. Vijani hivyo, kwa maelezo yako, ni dakwidi (kwa Kiingereza duckweed), na ni chakula kizuri kweli. Lakini kiasi cha asilimia 94 ya uzito wake ni maji, na mahali pake pa kukua si juu ya samaki. Anayeivuna kila siku kwenye kidimbwi chake yenyewe hupata faida. Anayeiacha ijiendee juu ya bwawa la samaki hupata ulichokipata juzi.

Hakikisha kwanza ni dakwidi. Chota kidogo kwa kikombe cheupe, sugua kati ya vidole. Ikipaka vidole rangi kama unga uliolowa, huo ni mwani, habari nyingine kabisa. Dakwidi ni vijani vya mviringo unavyoweza kuvihesabu kimoja kimoja. Geuza kimoja utazame chini. Chenye mzizi mmoja mwembamba kama uzi, upana wa milimita 2 hadi 4, ni jamii ya Lemna, ambayo ndiyo ya kawaida katika mabwawa ya ukanda wetu wa joto. Chenye mizizi mingi kama kishada, kikubwa kufikia karibu sentimita moja na tumbo jekundu la zambarau, ni Spirodela. Ukiona chembe zisizo na mzizi kabisa, ndogo kama punje za semolina, hiyo ni Wolffia, mmea mdogo kuliko yote duniani itoayo maua, na huko Thailand na Laos watu huila. Zote tatu zinafaa. Kinachofanana nazo kwa mbali ni azola, ila azola ina magamba, inakwaruza kidogo mkononi, na juani hubadilika kuwa nyekundu. Azola nayo ni chakula, lakini hujitengenezea naitrojeni yake kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi ndani ya jani. Dakwidi haina uwezo wa namna hiyo. Isipolishwa, inadumaa.

Sasa namna inavyokua, kwa sababu ukielewa hapa, mengine yote yatafuata. Dakwidi hutoa maua mara chache sana. Kazi yake yote ni kuchipua. Kila jani la Lemna au Spirodela lina mifuko miwili midogo karibu na pale mzizi unapoanzia, na ndani ya mifuko hiyo majani wana huota kwa zamu, moja huku, jingine kule. Mwana hukaa ameshikamana na mama kwa kikonyo kifupi, kisha hujitenga akiwa tayari ana wanawe ndani. Ndiyo maana ukichota mara nyingi unakuta makundi ya vijani viwili, vitatu au vinne vilivyoshikana: ni mama, watoto na wajukuu. Jani moja huishi wiki chache tu, na katika maisha hayo huzaa wana kumi au zaidi. Maabara, joto na chakula vikiwa sawasawa, uzito huongezeka maradufu kwa siku mbili au tatu. Kwenye kidimbwi cha kijijini hesabu siku nne hadi tano. Hata hivyo ni mwendo mkali: robo ya bwawa iliyofunikwa Jumatatu inaweza kuwa nusu Ijumaa, na bwawa zima Jumatano inayofuata. Wengi hudhani magugu yamekuja ghafla kumbe yalikuwa pembeni yakihesabu.

Ongezeko hilo hudumu tu kukiwa na nafasi. Vijani vikishabanana, vya chini vinakosa mwanga, vinageuka njano, vinakufa na kuoza, na vya juu vinazaa polepole. Utando mzito unaonekana una mali nyingi, lakini kwa siku unaongeza kidogo kuliko utando mwembamba. Kwa hiyo kuvuna ndiko kukuza. Mtu anayeacha kuvuna ili "iongezeke kwanza" anajipunja.

Mvua za Machi zilichangia kwako kwa njia moja hasa: zilisomba samadi na udongo wa juu kuingia bwawani, na jua kati ya mvua likamalizia. Ila kuna jambo la pili la kulitazama. Ngege wenye afya, wa gramu 100, watatu kwa kila mita ya mraba, kwa kawaida huila dakwidi mpaka wanaimaliza. Bwawa lenye ngege wa kutosha likifunikwa, ama wamebaki wachache kuliko unavyodhani, ama wanashibishwa chakula cha dukani kupita kiasi, ama samadi inaingia nyingi kuliko wanavyoweza kufidia. Pitisha wavu uwahesabu kwa makisio. Ndege na kenge hawaandiki risiti.

Tuje kwenye kidimbwi cha dakwidi. Kwa mfugaji wa kiwango chako ningeanza na mita za mraba 100, yaani mita 20 kwa 5. Kina cha nusu mita kinatosha. Chini ya sentimita 30 maji hupata moto mno mchana, na zaidi ya sentimita 60 unapoteza mbolea kwa maji ambayo mizizi haifiki. Umbo jembamba lina sababu: upepo. Dakwidi haina nanga, upepo ukiisukuma hurundikana upande mmoja, huko inaoza, na upande wa pili mwani unaota. Laza kidimbwi kikatize njia ya upepo, upande mfupi wa mita 5 ndio ukae sambamba nao. Kisha kigawe vyumba vinne vya mita 5 kwa 5 kwa mianzi inayoelea, iliyofungwa kwenye vigingi kwa kamba yenye ulegevu ili ipande na kushuka na maji. Migomba upande wa upepo inasaidia, lakini isikae karibu sana ikaziba jua na kudondosha majani.

Udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri unashika maji. Wa kichanga unahitaji turubai ya plastiki. Mvuke peke yake huchukua takriban milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, ambazo kwa mita za mraba 100 ni lita 500, yaani jerikeni 25 za lita 20. Kama maji yako ni ya kubeba kichwani, punguza eneo kabla hujachimba. Na usichimbe ndani ya kinamasi bila kibali. Sheria ya mazingira ya Uganda inataka ruhusa ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, kwa kuchimba ardhi oevu, na kidimbwi cha dakwidi hakina msamaha. Toka la maji liwekee chekeche la wavu mdogo, la sivyo mvua moja kubwa itapeleka zao lako lote kwenye bwawa la jirani, naye ataanza kuniandikia.

Maji yenyewe yawe matamu. Dakwidi haistahimili chumvi nyingi, kwa hiyo maji ya aina ya Ziwa Katwe hayafai kabisa. Uchachu uwe kati ya pH 6.5 na 7.5, ingawa itaishi hata kati ya 5 na 9. Vijikaratasi vya kupimia pH vinapatikana kwenye maduka ya dawa za kilimo, ni vya lazima. Joto zuri la maji ni nyuzi 20 hadi 30. Busia, Tororo, Jinja na Kampala mko ndani ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Kabale na milima ya Kigezi inakua polepole kwa sababu ya baridi. Kaskazini, Gulu na Arua, Januari na Februari maji ya kina kifupi huvuka nyuzi 33 mchana na vijani hupauka. Huko tandaza kivuli chepesi cha matete juu ya theluthi moja ya kidimbwi.

Kuhusu mbolea, fuata naitrojeni kwanza. Dakwidi huipenda ikiwa katika hali ya amoniamu, ambayo ndiyo inayotoka kwenye samadi ikianza kuoza, na huila hiyo kabla ya naitreti. Kwa kuanzia, lenga miligramu 10 hadi 20 za naitrojeni kwa lita. Kidimbwi chako kitakuwa na lita 50,000. Kilo 40 za samadi ya kuku iliyokauka zina karibu kilo 1.2 za naitrojeni, na nusu yake hivi ikitoka wiki mbili za kwanza utakuwa ndani ya lengo. Usimwage samadi hovyo. Ijaze kwenye magunia mawili, yafunge mdomo, yaninginize majini kutoka kwenye vigingi na kuyatikisa kila asubuhi. Uchafu mgumu unabaki ndani ya gunia, virutubisho vinatoka. Subiri siku saba mpaka kumi, maji yawe na rangi ya chai nyepesi, ndipo upande mbegu. Ukipanda siku ile ile ya samadi mbichi, amonia inaiunguza.

Baada ya hapo rudisha kile unachotoa. Ukivuna gramu 80 kwa mita ya mraba kwa siku, umetoa karibu robo gramu ya naitrojeni kwa kila mita, sawa na gramu 160 kwa wiki kwa kidimbwi chote. Hiyo inafidiwa na kilo 10 za samadi ya kuku kavu kwa wiki, au toroli moja iliyojaa ya mavi mabichi ya ng'ombe. Yurea inawezekana: kinadharia gramu 350 kwa wiki, ila sehemu hupotelea hewani, kwa hiyo wengi hufika gramu 600 au 700. Igawe mara tatu kwa wiki, iyeyushe ndani ya ndoo, mwagia jioni. Yurea peke yake haitoshi kwa muda mrefu, kwa sababu haina fosforasi wala potasiamu. Ongeza kiganja cha NPK 17:17:17 na kiganja cha majivu ya kuni kila wiki, lakini majivu usiyatie siku moja na yurea, kwa kuwa majivu hupandisha pH, na pH ikivuka 8 amoniamu hugeuka amonia, gesi inayochoma mmea.

Kipimo bora cha mbolea ni mzizi wa dakwidi yenyewe, tena hakihitaji fedha. Chukua vijani kumi, vilaze kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, weka rula kando. Mizizi yenye milimita 5 au chini inasema chakula kipo tele, na jani la namna hiyo likikaushwa linaweza kuwa na protini asilimia 35 hadi 40. Mizizi iliyovuka milimita 10 inasema mmea unatafuta chakula mbali. Protini yake itakuwa asilimia 15 hadi 25, nyuzi nyingi, na samaki wataitafuna bila kunenepa. Fanya kipimo hiki kila wiki, siku moja kabla ya kutia mbolea.

Mbegu: gramu 500 kwa mita ya mraba, iliyochujwa maji, yaani kilo 50 kwa kidimbwi kizima. Bwawa lako lililofunikwa linaweza kutoa mara nne ya hiyo. Kabla ya kupanda, ioshe kwenye karai la maji safi mara tatu na kuikagua. Ondoa konokono na mayai yao yanayofanana na ute, ruba, na miche ya magugu maji, kabichi maji au salvinia. Salvinia imeshavamia Ziwa Kyoga na wavuvi wa huko wanajua adha yake, usiiingize Busia kwa karai. Usipande pungufu ya gramu 400. Nafasi wazi hupigwa na jua, mwani wa nyuzi unaingia na kuisokota mizizi ya dakwidi kama uzi uliotatizika, na kuvitenganisha haiwezekani. Ukifika hapo, toa vyote, weka mbegu mpya nzito zaidi.

Namna ya kupima ujazo ni hii. Tengeneza fremu ya mianzi ya sentimita 50 kwa 50. Idondoshe juu ya maji, chota kila kilichomo ndani yake, kiache kwenye chujio dakika tano kichuruzike, kisha kipime. Zidisha kwa nne. Ukipata gramu 125 ndani ya fremu, una nusu kilo kwa mita, ndipo unapotaka kubaki. Ukipata gramu 250, una kilo nzima, umechelewa, vuna nusu leo. Katika hali ya kawaida vuna kila siku kiasi cha moja ya sita ya kilichopo, kilo 8 hivi kwa kidimbwi chako, asubuhi, kisha sambaza kilichobaki kwa kijiti kirefu kijae sawasawa. Anayevuna mara moja kwa wiki hupata pungufu, na hupata majani ya zamani.

Sasa hesabu ambayo jirani wa pili hakuifanya. Kilo 8 za dakwidi mbichi zikikaushwa ni gramu 480 hivi. Ngege wako 870 wa gramu 100 wana uzito wa kilo 87, na kwa kiwango cha asilimia 3 wanahitaji kilo 2.6 za chakula kikavu kwa siku. Dakwidi ya mita 100 za mraba inachukua nafasi ya pungufu kidogo ya moja ya tano. Ili iwe chakula chote ungehitaji zaidi ya mita 540, karibu mara mbili ya bwawa la samaki lenyewe. Na samaki wakifika gramu 250 na kulishwa asilimia 2, sehemu hiyo inashuka hadi moja ya tisa. Hii haikuvunji moyo: moja ya tano ya chakula kwa miezi miwili au mitatu ya ukuaji ni fedha halisi, na samadi uliyonayo tayari. Lakini mtu akikuambia hutanunua tena chakula cha dukani, muulize eneo lake ni mita ngapi.

Huko Mirzapur, Bangladesh, ambako dakwidi ilikuzwa kwa maji machafu yaliyosafishwa na kulishwa samaki kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990, mavuno yaliyofanya kazi yalitegemea eneo kubwa, maji yenye virutubisho visivyokatika, na watu wa kuvuna kila siku. Hayo matatu ndiyo masharti, hata kwa kidimbwi kidogo.

Kulisha: weka fremu ya mianzi inayoelea kwenye bwawa la samaki, mita 2 kwa 2, na mimina dakwidi mbichi humo ili isisambae. Anza na kilo 4, asubuhi saa tatu, oksijeni ikiwa imeshapanda. Ikifika saa tisa mchana imekwisha, kesho ongeza kilo moja. Ikibaki, itoe na upunguze. Chakula cha vidonge punguza polepole kwa wiki mbili, usikikate ghafla. Vifaranga wa chini ya gramu 20 usiwategemezee dakwidi, wanahitaji chakula laini chenye protini nyingi. Kambare hawapendi majani mabichi, wao wape iliyokaushwa, ikasagwa na kuchanganywa na mukene (dagaa) na pumba, isizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko. Ndani ya dakwidi kuna lisini nzuri kuliko mimea mingi, ila methionini ni haba (zote mbili ni vijenzi vya protini), ndiyo maana mukene haziepukiki.

Yatakayokusumbua ni machache. Majani kupauka njano na mizizi mirefu: njaa ya naitrojeni. Majani kuwa meupe kwa siku mbili baada ya mbolea: amonia, badilisha theluthi ya maji na usitie kitu kwa wiki. Matundu na utando wa hariri unaounganisha vijani: viwavi, watoe kwa mkono na urushie maji kwa nguvu. Vidudu vyeusi vidogo vinavyonata juu ya majani ni vidukari, wazamishe kwa kubonyeza utando chini ya maji kwa ubao mara kadhaa kwa siku mbili tatu, kisha vuna kwa wingi na uache waliobaki wapungue. Dawa ya kuua wadudu usitumie, kwa sababu unachonyunyizia leo utakipa samaki kesho.

Usalama wako na wa mlaji uangaliwe hapa. Dakwidi hunyonya metali nzito kama kadmiamu na risasi na kuzihifadhi. Sifa hii ndiyo inayoifanya isafishe maji, na ndiyo inayoifanya isifae kulishwa mifugo ikitoka mahali pabaya. Usichukue mbegu wala maji kwenye mifereji ya gereji, viwanda vya ngozi, au Nakivubo kule Kampala. Maji ya choo usiyatumie moja kwa moja kwa chakula cha samaki wa kuliwa. Konokono wa maji baridi huku ndio wanaobeba kichocho, kwa hiyo vaa gambuti na glavu ndefu wakati wa kuvuna, na usiruhusu watoto waoge kidimbwini. Utando uliojaa huzuia baadhi ya mbu, lakini mbu wa Mansonia huchoma mizizi ya mimea ya majini na kuvuta hewa kutoka humo, kwa hiyo usikitegemee kidimbwi kuwa kinga ya mbu.

Ukivuna zaidi ya walivyomaliza samaki, kausha. Tandaza kwenye turubai unene wa sentimita moja, kivulini penye upepo, geuza mara nne kwa siku. Jua kali hukausha haraka lakini huunguza rangi inayoipa kiini cha yai unjano, na hiyo ndiyo inayowapendeza wafugaji wa kuku. Ikivunjika vumbi mkononi imekauka. Ikipinda bila kuvunjika bado ina maji, na ndani ya gunia itaota ukungu. Mbichi iliyorundikwa kwenye gunia hupata moto na kunuka ndani ya saa chache, usiisafirishe hivyo. Kwa kuku wa mayai changanya hadi asilimia 10 ya chakula chao, kwa vifaranga chini ya asilimia 5. Bata wape mbichi, watajihudumia wenyewe.